Kwa nini Wini anamwacha Ben? (Going Down River Road)

Mwanafunzi wa Kadutu
Jambo wakubwa. Kikundi chetu hapa Bukavu, Congo, kinasoma riwaya ya Going Down River Road ya Meja Mwangi (1976). Wenzangu wanasema Wini, mpenzi wa Ben, ni mwanamke wa tamaa tu: anaondoka na bosi wake, anaacha hata mtoto wake. Mimi naona kuna zaidi, lakini nikianza kuandika nakwama. Nishike wapi?

Kaka wa Essence
Shika pombe. Mshahara wa Ben unaishia baa. Mwanamke angengoja nini pale?

Mwalimu wa Nyawera
Mdogo wangu, anza na jengo. Ben na rafiki yake Ocholla ni vibarua wa ujenzi Nairobi, wanajenga Development House. Kila ghorofa inayopanda inawasogeza karibu na siku ya kukosa kazi, nao wanajua. Wini ni sekretari. Yeye anakaa ndani ya ofisi. Ben anazijenga, kisha anatolewa nje.

Tena angalia: Wini anatoweka, na sisi tunabaki na Ben na hasira yake. Ukisema "tamaa" umeazima hasira hiyo, bado hujachambua.

Mimi husoma riwaya hii kwa ajili ya Baby, yule mtoto aliyeachwa. Si damu ya Ben. Anamfokea, anamtukana, lakini hamtupi, na anagombana naye juu ya shule. Kwangu hilo ndilo penzi kubwa la kitabu, na halina neno hata moja tamu! Wakikosa nyumba wanakwenda kwa Ocholla, kwenye vibanda vya kando ya mto ambavyo manispaa huchoma na watu hujenga upya. Wewe wa Kadutu, mtaa wa nyumba za mbao, unajua mbao zikishika moto usiku watu wanaulizana nini kwanza: watoto wako wapi?

Baadaye wake wawili wa Ocholla wanafika kutoka kijijini na watoto wao. Kibanda kinajaa, na urafiki wa wanaume wale unaanza kupasuka. Weka mpasuko huo kando ya ule wa Wini.

Dada wa Panzi
Mwalimu, hapo hapo. Ocholla naye aliacha wake na watoto kijijini, akawa anakunywa mshahara mjini. Kwenye kikundi chenu, mdogo wangu, kuna aliyemwita mtu wa tamaa? Waulize hilo kabla hamjarudi kwa Wini.