Naomba ushauri: kaa jike anadondosha mayai

Habari zenu wanakikundi. Nina kaa jike wa mikoko kutoka Pwani, yuko kwenye tangi hapa Kisumu. Mayai bado ni ya rangi ya chungwa, lakini badala ya kuiva hadi kuwa meusi yanadondoka kwa mafungu, mengine yana utando mweupe kama pamba. Chumvi ya akwaria ni gramu 32 kwa lita, klorini nimeitoa, pampu ya hewa iko. Joto ni 24 alfajiri, 29 mchana. Mchanga nimeongeza hadi sentimita 10, maana bila mchanga mayai hayashiki vizuri tumboni. (Kaa wetu wa ziwani hawasumbui hivi, vikaa huanguliwa vikiwa kamili kwenye maji yasiyo na chumvi.)

Nianze na hita, nishikilie 28? Na ukungu nitibu kwa dawa gani isiyoua mayai mazima?