Naomba ushauri: asali kwa kidonda cha mguu cha mgonjwa wa kisukari

MwanaLikoni: Assalaam alaykum. Mama yangu ana kisukari, na chini ya kidole gumba cha mguu ana kidonda kinachokataa kufunga. Naomba kujua asali ipakwe kwa kiasi gani, na bendeji ibadilishwe kila baada ya muda gani.

Bi Mkubwa wa Kisauni: Waalaykum salaam, mwanangu. Marehemu mume wangu aliungua kwa uji, tukampaka asali, akapona bila kovu. Na mama apunguze haluwa.

Muuguzi Mstaafu: Kwa majeraha ya moto asali husaidia, Bi Mkubwa, lakini mguu wa kisukari huwa umekufa ganzi, damu haifiki vizuri, na mfupa unaweza kuwa unaoza ndani kwa ndani. Asali ya kutibia vidonda hupitishwa kwenye miale ya gama ili kuua mbegu za bakteria ambazo asali ya sokoni huweza kubeba. Na hata hiyo, miongozo ya kimataifa ya mwaka 2023 kuhusu mguu wa kisukari inashauri isitumiwe. Kidonda kina rangi gani, na je, kinamuuma?

MwanaLikoni: Hakimuumi, nasi tuliona hiyo ni dalili njema. Kidole chenyewe kimekuwa cheusi. Daktari alitaka kukikata, tukaomba muda. Asali ni safi, ya Kitui, na nimekwisha kuilipia.

Baharia Mkavu: Safi, ya Kitui! Bado namba ya simu na bei ya chupa. Jamani, huyu hana mama mgonjwa, ana mzigo wa asali.

MwanaLikoni: Kaka, muuzaji gani angesema kwamba kidole kimeanza kunuka?

Muuguzi Mstaafu: Awe mkweli au mwongo, nitamjibu, kwa sababu wapo wanaosoma kimya wenye miguu kama huo. Kidole cheusi kinachonuka ni cha kupelekwa hospitali leo, ambako watapima mapigo ya damu mguuni, watapiga picha ya mfupa, wataondoa nyama iliyokufa na kumpa dawa za bakteria, huku wakidhibiti sukari. Asiukanyage mguu huo kabisa.

MwanaLikoni: Mwenyewe hataki. Anasema atazikwa na vidole vyake vyote.

Bi Mkubwa wa Kisauni: Usimtajie kisu, mwanangu. Mwombe akubali kupimwa tu, kisha daktari amweleze mwenyewe.

MwanaLikoni: Nimemwomba hivyo. Amenitukana, kisha ameagiza tuktuk na buibui lake.