Chumba kimoja hakishiki joto ingawa hita zote zinaongozwa kwa simu

Muulizaji, Njombe Mjini
Kamwene, ndugu zangu. Nyumba yetu ina sebule na vyumba viwili vya kulala, na kila kimoja kina hita ya umeme ya wati 2,000. Hita zote tatu zinawashwa na kuzimwa na kidhibiti joto kimoja cha betri kilichobandikwa sebuleni, ninachokiongoza kwa programu ya simu na ambacho nimekiwekea nyuzi 20. Tangu Juni ianze, sebule ina joto zuri na chumba chetu kinavumilika, lakini chumba cha mama, kilicho upande wa kusini, kina baridi kiasi kwamba alfajiri kioo cha dirisha kinatiririka maji kwa ndani. Nikipandisha hadi nyuzi 24, sebuleni tunafungua madirisha, na uniti za umeme zinakwisha kabla ya wiki. Je, hita ya mama ni mbovu?

Fundi umeme, Mafinga
Mkuu, usinunue hita nyingine kwanza. Kidhibiti chako kinajua joto la pale ukutani kilipo tu. Sebule ikifika nyuzi 20 kinazima hita zote, ya mama ikiwemo. Badilisheni hita za vyumba viwili kwa usiku mmoja: baridi ikihamia kwenu, hita ni mbovu; ikibaki kwa mama, kasoro ni ya chumba. Nabashiri la pili, kwa sababu katikati ya mwaka jua linapita kaskazini mwetu, hivyo ukuta wa kusini haulioni mchana kutwa, na upepo wa kusi unaupiga huohuo.

Dawa yake ni kila chumba kuwa na kihisi chake na swichi yake. Kihisi kikae kwenye ukuta wa ndani, usawa wa kifua, mbali na hita, friji na mlango. Hita ya wati 2,000 kwenye volti 230 inavuta karibu ampea 9, kwa hiyo swichi janja ya ampea 10 itaelemewa ikifanya kazi usiku kucha. Tafuta ya 16, na usiunganishe hita mbili kwenye swichi moja.

Mwenye nyumba ya wageni, Makete
Naunga mkono, ila tazama na juu. Mimi nilihamisha vihisi mara mbili kabla ya kupanda ngazi na tochi, nikakuta juu ya kabati singibodi imekatwa kupitisha waya na tundu la kuingia mkono mzima limeachwa wazi. Joto lote lilikuwa likipanda kwenye mabati. Na tafadhali, mama asiwekewe jiko la mkaa wakati mnasubiri: kaboni monoksidi haina harufu, na inaua mtu akiwa usingizini.

Muulizaji
Asanteni sana. Tulibadilisha hita jana. Ya mama imefanya kazi vizuri kwetu, na baridi imebaki kwake. Darini sijaona tundu, lakini nimegundua kwamba kidhibiti kilibandikwa juu ya friji, kikipulizwa na joto lake. Hadi vihisi vipya vifike, nimekihamishia chumbani kwa mama, na hita ya sebuleni nimeizima kwenye soketi. Leo ni sisi tulioangalia taarifa ya habari tukiwa na makoti.