Wezi wenye bunduki wakiingia shambani usiku barabara ya Kasenga, mnamwita nani?

MamaShamba_Lshi
Jambo yenu wote. Nina shamba la mahindi barabara ya Kasenga, kilomita kama 60 kutoka Lubumbashi, Kongo. Wiki mbili zilizopita, saa saba ya usiku, watu watano walimvamia mlinzi wetu. Wawili walikuwa na bunduki. Walimfunga mikono kwa kamba ya kufungia magunia, wakapakia magunia 38 kwenye lori, na pampu ya maji juu yake. Mke wake alijificha ndani ya mihogo, mtoto mgongoni, akanipigia simu kwa kunong'ona. Alikuwa amemziba mtoto mdomo kwa titi ili asilie.

Nikapiga simu kituo cha polisi kilicho karibu, kilomita 22. Askari alipokea palepale, kwa heshima. Akasema: mama, usiku huu tuko watatu, bunduki ni moja, pikipiki haina mafuta, na kasho, chumba cha mahabusu, ina watu. Tukitoka, nani anabaki nao? Walifika saa tatu asubuhi kwa motari, dereva wa pikipiki, niliyemlipa mimi.

Nyinyi wenye mashamba mbali, polisi wenye silaha mnawapata namna gani? Kuna njia ya halali ya kuomba askari wakae kijijini wakati wa mavuno?

Motari_Ruashi
Pole sana mama. Nimewabeba askari hivyo mara nyingi, wawili nyuma yangu, bunduki katikati. Kiangazi tunafika. Mvua ikinyesha, kilomita 22 za njia ya shamba ni saa mbili. Kwetu tunapiga filimbi na sufuria, kijiji kizima kinatoka. Mwenye panga anakimbia. Mwenye bunduki anafyatua tu, kwa hiyo mwambie mlinzi asipige kelele.

Mstaafu_Katuba
Mama, nilivaa sare miaka 27. Huyo askari hakukudanganya. Magari na vikosi vya kuingilia kati vinakaa mjini, na kwenye migodi kuna polisi wa migodi na bunduki zao. Mahindi hayana polisi wake. Hata kampuni za ulinzi usizitegemee kwa hilo: kwetu haziruhusiwi kubeba silaha za moto, ndiyo maana wateja wakubwa wanawawekea polisi pembeni.

Lakini haki unayo. Katiba ya Kongo ya 2006, kifungu cha 182, inaipa polisi ulinzi wa watu na mali zao, na cha 184 kinaiweka chini ya mamlaka ya kiraia ya mahali. Basi barua iende kwa msimamizi wa teritware (kama wilaya), nakala kwa komiseri wa polisi wa teritware hiyo. Uliza kwanza kwa sultani wa kijiji, yaani chifu, kama mko teritware ya Kipushi au ya Kasenga, maana barua ikifika pasipo pake inalala mezani. Na usiandike peke yako. Askari akiombwa na shamba moja anakuwa mlinzi wa tajiri, wanakijiji hawatampa habari yoyote.

Toka_Mitwaba
Naongeza neno moja. Kuna watakaokushauri kununua bunduki kwa siri. Nilikimbia Mitwaba wakati wa waasi wa Bakata Katanga, na nimeona vijana waliopewa silaha walinde kijiji: baada ya mavuno mawili, wao ndio waliokuwa wanatoza mahindi njiani. Nakuomba, usifanye.

MamaShamba_Lshi
Asanteni. Bunduki siinunui. Jumamosi naenda kwa sultani na majirani wanne, tutapendekeza kujenga chumba cha askari karibu na shule, pale mtandao unapokamata, na kila shamba litoe mafuta yake. Mlinzi yuko kwangu Kampemba, vidole viwili bado havisikii kitu. Anasema atarudi shambani pale tu askari watakapokuwa wamefika.

Papa Mstaafu, idadi ya askari tuitaje ndani ya barua, au tumwachie komiseri?