Tupeane uzoefu: wazee wetu walipewa kusoma nini shuleni wakati wa ukoloni?

Ndugu zangu wa Lubumbashi, nawaomba tukusanye hapa kumbukumbu za wazazi na babu zetu juu ya yale waliyosoma walipokuwa watoto, mji wetu ulipokuwa bado ukiitwa Élisabethville. Waliosoma kabla ya 1960 wanapungua, na vitabu vyenyewe vingi vimeliwa na mchwa au vimeishia kufungiwa karanga sokoni.

Naanza na marehemu baba yangu, mtoto wa mfanyakazi wa Union Minière, kampuni ya machimbo ya shaba, aliyesoma katika kambi ya kampuni hiyo chini ya mapadri Wabenedikto. Kwa mpango wa elimu wa 1929, serikali ya Ubelgiji ilizipa ruzuku shule za misheni za Kikatoliki za Kibelgiji, na Waprotestanti wakaachwa nje mpaka baada ya Vita Vikuu vya Pili. Kwa hiyo kitabu cha kwanza ambacho watoto wengi walikishika kilikuwa katekisimu, kisha masimulizi ya Biblia, kisha vijitabu vya kusomea vilivyofundisha usafi, bidii ya kazi na utii kwa wakubwa.

Baba alituachia kijitabu kimoja cha namna hiyo, kilichofunikwa kwa karatasi ya mfuko wa saruji na kushonwa mgongoni kwa uzi mweusi. Kurasa za mwanzo ni silabi tupu, ba, be, bi, bo, bu. Mbele kidogo wanatokea mtoto mtiifu na mtoto mvivu, na kila mara mvivu ndiye anayepatwa na balaa. Linaloniuma ni kwamba mtoto aliyekulia karibu na bomba la moshi la kiwanda cha kuyeyushia shaba, kilichoanza kazi 1911, hakuambiwa hata kwa mstari mmoja kwamba mababu zake walikuwa wakiyeyusha shaba hiyo na kuisubu kuwa misalaba ya kufanyia biashara, karne nyingi kabla ya Mzungu kufika. Wala Msiri wa Bunkeya, mfalme wa Wayeke, hatajwi.

Mchangiaji kutoka Kamalondo:
Asante, mwalimu. Mama yangu alisoma kwa masista, na kwao wasichana walipewa zaidi mambo ya kushona, kupika na kulea, Kifaransa kikiwa kidogo sana. Kitabu alichokipenda kilikuwa cha maisha ya watakatifu, ambacho alimsomea bibi jioni karibu na mbabula, yaani jiko la makaa. Kiswahili cha kitabu hicho kilifuata kile cha pwani, si hiki cha nyumbani kwetu, hata ikambidi asome sentensi, asimame, aieleze upya kwa maneno yetu, ndipo aendelee. Mimi naamini kazi hiyo ilimfundisha kufikiri kuliko kitabu chenyewe, na ndiyo sababu baadaye majirani wote walimletea barua zao awasomee.

Mchangiaji kutoka Ruashi:
Baba mdogo aliingia katika mojawapo ya shule za serikali zisizo za dini, zilizofunguliwa kwa Waafrika kuanzia 1954, wakati Auguste Buisseret alipokuwa waziri wa makoloni. Humo vitabu vilikuwa vya Kifaransa, na alijua mito ya Ubelgiji kwa kichwa kabla ya kuonyeshwa Lualaba kwenye ramani. Baada ya somo mwalimu alikusanya vitabu na kuvifungia kabatini. Nyumbani walichokuwa nacho ni Mwana Shaba, gazeti la kampuni lililoanza 1957, na watoto waligombea kulisoma kabla baba yao hajalimaliza.

Mwanzisha mada:
Nashukuru, mama na ndugu. Kwa watakaofuata: mwenye kitabu bado mkononi, tafadhali apige picha ya jalada na ya ukurasa unaoonyesha mwaka na mahali kilipochapwa, na aeleze ni nani aliyekisoma, darasa la ngapi, na kama aliruhusiwa kwenda nacho nyumbani.