Msichana wa miaka 16 mwenye selimundu: kipimo cha IQ kinatosha?

Mshauri_Pwani
Salaam nyote. Mwanafunzi wa kidato cha pili, Kilifi, miaka 16 na miezi minne, ana selimundu (sickle cell, ugonjwa wa damu wa kurithi). Hajawahi kupooza wala kupata kifafa. Somo analielewa likielezwa kwa mdomo, lakini mtihani wa saa mbili unaisha nusu ya karatasi haijaguswa. Ukimpa maagizo matatu kwa mpigo, anafanya la kwanza tu. Nyumbani ni Kigiriama na Kiswahili, shuleni Kiingereza. Mama yake ameambiwa kuna "kipimo cha IQ" cha saa moja. Kinatosha? Kama hakitoshi, tuulize nini kabla ya kulipa?

Neuro_Saiko
Hakitoshi, Mwalimu. Saa moja inawapa nambari moja, na kwa mwenye selimundu nambari hiyo huficha penyewe palipo na tatizo. Mishipa ya ubongo inaweza kuziba bila dalili ya nje, mara nyingi ikiumiza nyuzi nyeupe za sehemu ya mbele. Takriban theluthi ya watoto wa aina ya SS (waliorithi selimundu kwa wazazi wote wawili) huwa na makovu ya namna hiyo kwenye ubongo wanapofikia ujana. Vinavyodhoofika ni kasi, umakini na upangaji wa mambo, ilhali msamiati unaweza kubaki imara. Vyote vikitiwa chungu kimoja, wastani unatoka "sawa tu".

Dai tathmini kamili: mahojiano na mzazi, majaribio ya saa nne hadi sita (bora asubuhi mbili), ripoti ya maandishi na kikao cha kuielezea. Kumbukumbu ipimwe papo hapo na tena baada ya nusu saa. Kuna jaribio la maneno 15 yanayosomwa mara tano. Mtoto anaweza kupanda 5, 8, 10, 11, 12, halafu baada ya nusu saa akataja manne. Sasa asomewe maneno hayo yakiwa yamechanganywa na mageni. Akiyatambua 14, yaliingia ila kuyatoa ndiyo shida, kwa hiyo vidokezo na maswali ya kuchagua jibu vitamfaa. Asipoyatambua, hayakukaa, na anahitaji kurudiarudia kwa vipindi. Kwenye saa moja, nusu saa hiyo ya kusubiri itatoka wapi?

Umri wake nao una mtego. WISC-V (kipimo cha akili cha watoto) inakomea miaka 16 na miezi 11, WAIS (cha watu wazima) inaanzia 16 kamili, kwa hiyo zote mbili zinamfaa. Uwezo ukishukiwa kuwa chini sana, chukua WISC: ina maswali mepesi zaidi ya kuanzia. Kama mnapanga kumpima tena akiwa 18, WAIS atakayofanya sasa italinganishika moja kwa moja na atakayofanya baadaye. Mpimaji asiyeweza kukueleza kwa nini amechagua hii na si ile, mshukuru uende kwingine.

Lugha_na_Vipimo
Swali langu la kwanza lingekuwa la lugha. Kutafsiri papo kwa papo huharibu kipimo. Mwambie mtoto akariri "saba-tatu-tisa-nne" na umempa silabi nane. Kwa Kiingereza zingekuwa tano. Kadiri majina ya nambari yanavyorefuka, ndivyo zinavyopungua anazoweza kushika, na viwango vya kulinganishia vilitoka Marekani. Jaribio la kutaja maneno yanayoanza na herufi fulani ni kichekesho zaidi: mpe K naye atamwaga kula, kulala, kukimbia, kupika mpaka dakika iishe. Hapo umepima kiambishi. Kundi la maana, kama wanyama au vyakula, ni salama zaidi. Na jaribio la Boston la kutaja picha lina igloo (nyumba ya barafu) na pretzel (mkate uliofungwa fundo)!

Ripoti iseme wazi kila jaribio lilifanywa kwa lugha gani, na isitegemee alama za maneno pekee.

Sista_Wodi
Msimpeleke akiwa na maumivu, wala siku chache tu baada ya kutoka wodini. Acheni wiki mbili tatu. Kodeini na mofini hulegeza kasi, damu ikishuka sana pia, kwa hiyo chukueni kipimo cha damu cha karibuni. Macho na masikio yapimwe kwanza. Selimundu hugusa retina. Anywe maji, ale, na aruhusiwe kwenda msalani bila kuomba mara mbili.

Mshauri_Pwani
Nashukuru sana. Ripoti ikitoka, nitazame wapi kwanza?

Neuro_Saiko
Tazama pengo, si jumla. Kuna jaribio la kunakili alama kwa dakika mbili, penseli haina kifutio, na kuna la mafumbo ya michoro lisilo na saa. Wastani wa yote mawili ni 10. La kwanza likiwa 5 na la pili 10, una hoja ya muda wa ziada yenye mguu wa kusimamia. Ila angalia amekosea mangapi: mwenye makosa mengi hahitaji dakika tu, anahitaji kazi ipunguzwe na maagizo yaandikwe moja moja. Alama ije na masafa yake. Alama ya jumla ya 85 maana yake ni kama 80 hadi 90.

Nakala moja iende kliniki ya selimundu. Pengo kubwa la namna hiyo ni sababu tosha ya kujadili picha ya ubongo ya MRI. Nyingine ipelekeni kituo cha EARC (kituo cha serikali cha kutathmini wanafunzi wenye mahitaji maalumu) kabla ya usajili wa mtihani wa taifa. Na asirudiwe majaribio yaleyale kabla ya mwaka kupita, maana atakuwa ameshayazoea.