Siwezi kukubali kukosea, na nikijitafakari naishia kujitetea. Naombeni ushauri

Wakuu, habari za muda huu. Mimi ni msomaji wa kimya humu kwa muda mrefu, leo imenibidi niandike. Mnivumilie nikiwa mrefu.

Nina miaka 41, nina mke na watoto wawili. Kazini naongoza kitengo cha hesabu, watu sita wako chini yangu. Wiki tatu zilizopita nilikuwa nawasilisha taarifa ya robo mwaka mbele ya wakubwa. Binti mmoja wa kitengo changu, hana hata mwaka kazini, akainua mkono akasema kwa adabu kwamba jumla ya ukurasa wa tatu haiendani na kiambatisho. Nilimjibu bila hata kutazama karatasi: "Ukikaa kwenye kazi hii vya kutosha utajifunza kusoma kabla ya kuongea." Watu wakacheka kidogo. Akakaa.

Alikuwa sahihi. Kosa nililiona jioni ileile nikiwa peke yangu. Nikalisahihisha kimyakimya, nikatuma nakala mpya bila maelezo yoyote. Hilo la pili linaniuma kuliko la kwanza, kwa sababu maneno yalinitoka ghafla, lakini kuficha nilikusudia.

Tangu hapo usingizi umeniruka. Nilimsimulia mke wangu nikitegemea aniambie ni mambo ya kawaida. Alinyamaza kwanza, kisha akasema, "Hata hapa nyumbani watoto wameshajua kwamba baba hakosei. Wanasubiri utoke ndipo waongee." Sikuwa na la kumjibu.

Nikaanza kuamka alfajiri, nakaa kimya dakika 20 nafuatilia pumzi kwa maelekezo ya sauti kwenye simu. Tatizo ni kwamba nikifumba macho tu, kesi inaanza. Wakili ni mimi, shahidi ni mimi, hakimu ni mimi. Siku nyingine naachiwa huru, siku nyingine nahukumiwa kwamba mimi ni mtu mbaya tangu utotoni. Na kuna jambo naona aibu kulisema: baada ya wiki moja nilishaanza kuwaona wenzangu ofisini kuwa ni watu wasiojitambua, eti kwa sababu hawaamki alfajiri kukaa kimya kama mimi.

Ninachoomba: mtu anajitazamaje ndani bila kugeuka mahakama? Na nikiuachia huu umimi, kazini nitabaki na nini? Cheo hiki nilikipata kwa kutokubali kushindwa.

Nawasilisha.

Jiwe la Pembeni:
Pole mkuu. Huyo binti umeshamwomba radhi? Nimesoma maelezo yako mara mbili na hilo neno sijaliona.

Mleta uzi:
Bado. Kila siku nasema kesho. Najiambia kwamba nataka kwanza nijielewe.

Jiwe la Pembeni:
Basi hapo ndipo umejificha. Unaweza kujitafakari miaka kumi ili usimkabili mtu mmoja kwa dakika mbili. Mwombe radhi palepale kikaoni, mbele ya walewale waliocheka.

Kalamu Nyeusi:
Mkuu, nianze na neno lenyewe, umimi. Freud, yule daktari aliyeanzisha uchambuzi wa nafsi, aliandika kwa Kijerumani, na alichokiita "mimi" ni lile neno la kawaida ambalo kila mtu hulitumia nyumbani kwake. Wafasiri wake wa Kiingereza ndio waliokwenda kuchukua Kilatini "ego", ambalo nalo maana yake ni "mimi" tu. Nalitaja hili kwa sababu tukilipa jina la kigeni tunaanza kuliona kama uvimbe wa kukatwa na kutupwa. Ukiliita "mimi", swali linakuja lenyewe: anayetupa ni nani? Umimi wako hautaondoka. Unachoweza ni kuuona unapojitokeza, kabla haujashika usukani.

Sasa hiyo mahakama. Wanasaikolojia wawili, Trapnell na Campbell, mwaka 1999 walilichambua jambo lililokuwa linawashangaza watafiti: watu wanaojifikiria sana hujijua vizuri zaidi, lakini watu haohao huwa na dhiki zaidi. Inakuwaje? Wakaona kwamba tunachanganya mambo mawili. Kuna kujifikiria kunakotokana na udadisi, na kuna kujifikiria kunakotokana na hofu, yaani kuhisi umepungukiwa, umepoteza au umeonewa. Kwa nje yanafanana kabisa, mtu amekaa kimya anawaza. Kwa ndani, la kwanza linakupeleka mahali na la pili linakuzungusha palepale.

Kipimo changu ni kirahisi: ukimaliza kukaa, kuna jambo ambalo jana hukulijua? Kama umetoka na hoja zilezile, hapo hukujitafakari. Ulikuwa unarudia kesi.

Angalia pia swali unalojiuliza. "Kwa nini niko hivi?" hukupa hadithi, na hadithi lazima iwe na shujaa au mhalifu. Ndiyo maana siku nyingine unaachiwa na siku nyingine unafungwa. Jiulize "Alipoinua mkono, sekunde ile, nilihisi nini?" Hapo utapata habari.

Halafu jaribu kuandika, na ujiandike kama unamwandika mtu mwingine: "Alisimama mbele ya wakubwa. Aliulizwa swali. Akaogopa." Mwanasaikolojia Ethan Kross na wenzake wamefanya majaribio juu ya watu kujisemesha kwa jina lao badala ya "mimi", na wameona kwamba umbali ule mdogo hupunguza makali ya hisia. Mimi nilipoandika hivyo mara ya kwanza, nililia. Nilikuwa sijawahi kumwonea huruma yule mtu.

Mama Watatu:
Kaka, pole. Naomba niseme jambo ambalo huenda litaonekana linakwenda kinyume na wengine.

Mimi nimefundishwa unyenyekevu tangu nikiwa mdogo. Usijibu, usijione, shuka chini. Nilishuka mpaka nikawa sipo. Nilipofika miaka 35 sikuwa najua hata ninapenda nini, na nilikuwa naiita hali hiyo amani. Kwa hiyo kila nikisikia "achana na nafsi yako" huwa nauliza: anaambiwa nani? Aliyezoea kuwakanyaga watu na aliyezoea kukanyagwa hawawezi kupewa dawa moja.

Kwako wewe, swali lako la pili ndilo kubwa. Unaogopa kwamba ukiacha kujilinda utabaki mtupu. Lakini utaalamu wako wa hesabu na woga wako wa kuonekana umekosea ni vitu viwili, vimekaa pamoja muda mrefu hadi unadhani ni kimoja. Siku ile kikaoni, woga ndio uliokuzuia kutazama karatasi. Mhasibu aliyemo ndani yako angeitazama.

Na Jiwe la Pembeni, hapo kwa kuomba radhi kikaoni sikubaliani nawe. Huyo binti ameshafanywa tamasha mara moja. Kabla ya kumsimamisha tena mbele ya watu, kaka, mwulize yeye anataka nini. Radhi ikipangwa kwa namna inayokupendeza wewe, bado ni wewe uko katikati.

Jiwe la Pembeni:
Mama Watatu, umenirekebisha na nimekubali. Sikuwa nimelifikiria kwa upande wa binti.

Mizani:
Ndugu, wewe ni mtu wa hesabu, basi nikupe mfano wa hesabu.

Imam Ghazali, mwanazuoni wa Kiislamu, alikuwa mwalimu mwenye sifa kubwa Baghdad. Mwaka 1095, akiwa kileleni, aliichunguza nia yake ya kufundisha akakuta ndani yake kuna kutafuta jaha na jina. Ulimi ukamfunga, akashindwa kufundisha. Akaondoka, akaacha cheo. Baadaye alipoandika juu ya kuihesabu nafsi, alitumia mfano wa wafanyabiashara wawili. Asubuhi unapatana na nafsi yako masharti kama unavyopatana na mshirika unayemkabidhi mtaji. Mchana unaitazama. Jioni mnakaa na daftari: kilichoingia, kilichotoka, kilichopotea.

Unajua vizuri kuliko mimi kwamba kufunga hesabu ni kazi ya utulivu. Ukikuta tarakimu haiendani, huipigi kelele, unaitafuta. Fanya hivyohivyo na nafsi yako.

Seneca, mwanafalsafa wa Kirumi, naye alikuwa na desturi hiyo. Taa ikizimwa na mkewe akinyamaza, aliipitia siku yake yote bila kujificha kitu. Miongoni mwa makosa aliyoyataja ni kumkemea mtu kwa ukali kupita kiasi, hata badala ya kumrekebisha akamuumiza. Ni kosa lako hasa, mkuu, na lina karibu miaka elfu mbili. Akishalitaja, alijiambia asirudie tena, na kwa sasa amejisamehe. Akalala.

Kwa hiyo chukua dakika kumi jioni, uwe na mwanzo na mwisho. Ukifunga daftari, limefungwa.

Pumzi Moja:
Wachangiaji wamesema vizuri, mimi naongeza la mwili, maana watu wengi hulisahau.

Mleta uzi, umimi hauanzi na mawazo, unaanza mwilini. Kwangu mimi masikio hupata moto na taya hukaza. Wewe tafuta dalili yako. Wengine ni kifua, wengine mikono. Dalili hiyo huja kabla ya maneno, labda kwa pumzi moja au mbili, na nafasi yote uliyonayo ya kubadilika iko hapo. Ukikaa alfajiri, acha kupigana na kesi. Ikianza, iite jina lake kimoyomoyo, "kujitetea", kisha rudi kwenye pumzi. Itarudi mara mia. Mara mia iite jina. Hujashindwa, hilo ndilo zoezi lenyewe.

Halafu hilo la kuwadharau wenzako kwa sababu wewe unakaa kimya, usiumie sana. Benjamin Franklin, yule mwanasiasa na mwanasayansi wa Marekani, alijiwekea orodha ya fadhila 12 za kujizoeza. Rafiki akamwambia kwa upole kwamba watu wanamwona ana kiburi, akaongeza ya 13, unyenyekevu. Uzeeni alikiri kwamba hata kama angedhani amekishinda kiburi chake kabisa, huenda angeuonea fahari unyenyekevu wake. Nafsi hupanda juu ya chochote unachoipa. Jambo jema ni kwamba wewe umeiona baada ya wiki moja, na umeisema hadharani.

Msikilizaji:
Mimi ni mnasihi kitaaluma. Nitasema machache. Wiki tatu bila usingizi mzuri si jambo la kuachia mazoezi ya pumzi peke yake. Na kuna watu ambao kukaa kimya macho yakiwa yamefumbwa huwazidishia msongo, hasa wakiwa na jeraha la zamani. Ulivyoandika "mtu mbaya tangu utotoni" nilisimama hapo. Kama sauti hiyo inarudi, tafuta daktari au mnasihi wa kuongea naye ana kwa ana. Kwa sasa unaweza kutafakari ukitembea, macho yakiwa wazi. Inatosha kabisa.

Mleta uzi:
Nawashukuru sana wote. Msikilizaji, hilo la utotoni umeligusa. Baba yangu alikuwa anasahihisha madaftari yetu kwa mkanda. Sijawahi kuliandika popote mpaka leo. Nimepata miadi ya kuonana na mtu wiki ijayo.

Mama Watatu, dada yangu, maneno yako kuhusu woga na utaalamu nimeyanakili kwenye karatasi.

Mleta uzi (MREJESHO, baada ya siku tisa):
Wakuu, nimerudi.

Nilimfuata yule binti mezani kwake, nikamwambia nilimkosea, kwamba alikuwa sahihi na mimi nilijua jioni ileile nikanyamaza. Nikamwuliza angependa nifanye nini. Alifikiri kidogo, akasema hataki lirudishwe kikaoni. Anachotaka ni iandikwe kwamba marekebisho yalitoka kwake, kwa sababu tathmini ya utendaji iko karibu. Nilituma barua pepe siku hiyohiyo kwa wote waliokuwepo, mistari mitatu, nikamtaja.

Akajibu, "Sawa, asante." Basi. Akarudi kwenye kazi yake.

Nitawaambia ukweli: nilibaki nimesimama pale nikisubiri kitu. Labda tabasamu, labda aniambie mimi ni mkubwa wa tofauti. Nilipoona namsubiri anipongeze, nikahisi kifua kimebana. Pumzi Moja, dalili yangu ni hiyo, kifua. Nikaiita jina, nikaondoka. Bado hajanizoea na hana wajibu wa kunizoea.

Alfajiri sasa natembea badala ya kukaa. Jioni naandika daftari dakika kumi, kwa kusema "yeye". Kesi bado inafunguliwa, ila naifunga mapema. Usingizi umerudi nusu.

Jana usiku mwanangu mkubwa, ana miaka 12, alikuwa anafanya hesabu za sehemu. Nikamwelekeza. Akanyamaza, halafu akasema kwa sauti ya chini, "Baba, nadhani hapo siyo." Kifua kikabana palepale. Nikavuta pumzi moja, nikamwambia, "Hebu nionyeshe."

Alimtazama mama yake kwanza. Kisha akasogeza daftari.